Walishinda mechi zote tisa, kisha timu ikafutwa

  

Mwezi huu tuzungumze mpira. Subirini kwanza, si ule mpira mnaoujua. Katika mzigo wa vifaa vya michezo ulioletwa shuleni kwetu kulikuwa na mpira mmoja wenye umbo la yai. Watoto waliupiga teke ukaenda kushoto, wakaupiga tena ukaenda kulia, ukamgonga mbuzi wa watu. Mmoja akasema, "Mwalimu, huu umeharibika, utiwe upepo." Haujaharibika. Ni mpira wa Kimarekani, ndivyo ulivyotengenezwa. Maswali yalikuwa mengi mpaka tukaona ni afadhali tuyajibu hapa, na tuyajibu kwa habari ya kweli ya timu moja ya chuo ambayo wengi wenu hamjawahi kuisikia.

Kwanza mchezo wenyewe, kwa ufupi. Kila upande una wachezaji 11. Mpira unabebwa kwa mikono au unarushwa, na miguu ni ya kukimbilia tu mara nyingi. Timu yenye mpira inapewa nafasi nne za kusogea mbele yadi 10, yaani kama mita tisa hivi. Ikifaulu inapewa nafasi nyingine nne, isipofaulu mpira unakwenda kwa wapinzani. Wapinzani nao kazi yao ni kumkamata aliyebeba na kumwangusha chini. Anayefika na mpira mwisho wa uwanja anapata pointi sita. Ni mchezo wa kuumizana, ndiyo maana wanavaa kofia ngumu na pedi mabegani. Mama mmoja aliyetusikiliza tukieleza alisema huo si mchezo, ni ugomvi wenye refa. Tumemwachia maoni yake.

Jambo jingine la kujua: Marekani mpira huu wa vyuo unapendwa sana. Wanafunzi wanacheza, na watu maelfu kwa maelfu wanalipa kiingilio kuwaona.

Sasa tuingie kwenye habari. Chuo chenyewe kinaitwa Chuo Kikuu cha San Francisco. Kiko California, magharibi mwa Marekani, katika mji wa vilima na ukungu kando ya bahari ya Pasifiki. Kilianzishwa na mapadri Wajezuiti mwaka 1855. Tangu miaka ya 1920 kilikuwa na timu ya mpira wa yai, na wachezaji waliitwa Dons, neno la heshima la Kihispania, kama tunavyosema mabwana. Kwa miaka mingi hawakuwa mabwana wa mtu yeyote. Walishinda hapa, walifungwa pale, maisha yakaendelea.

Mwaka 1948 alikuja kocha anayeitwa Joe Kuharich, mtu mkali asiyependa mchezaji mvivu. Akakusanya vijana ambao vyuo vikubwa havikuwataka au havikuwaona. Gino Marchetti, kwa mfano, alikuwa mtoto wa wahamiaji kutoka Italia, na alikuwa amekwisha kupigana Ulaya katika Vita Kuu ya Pili kabla hajaanza kuchezea chuo. Kijana mwingine, Bob St. Clair, alikuwa mrefu kupita kiasi, zaidi ya mita mbili. Na walikuwemo vijana wawili weusi, Ollie Matson na Burl Toler. Hawa wawili ndio kiini cha habari hii, basi mshike majina yao.

Matson alizaliwa Texas mwaka 1930, familia yake ikahamia San Francisco. Toler alizaliwa Memphis, Tennessee, mwaka 1928, naye akaja upande huohuo. Wote walitoka majimbo ya kusini, ambako wakati ule sheria iliwatenga watu weusi na weupe: shule mbali, viti vya basi mbali, hata bomba la maji mbali. Walikutana katika chuo kidogo cha mji, wakacheza pamoja, kisha wakaingia pamoja Chuo Kikuu cha San Francisco. Matson alikuwa na mbio za ajabu. Toler alikuwa mzuiaji, yule anayekusubiri ukifikiri umeshapita.

Mwaka 1951 ukawa mwaka wao. Walicheza mechi tisa, wakashinda tisa. Hakuna sare hata moja. Walisafiri mpaka New York, upande wa pili kabisa wa nchi, wakaifunga Fordham 32 kwa 26, na siku hiyo Matson alipokea mpira wa kuanzia mara mbili na mara zote mbili akakimbia nao uwanja mzima mpaka mwisho. Waliifunga Pacific 47 kwa 14. Mechi ya mwisho waliishinda Loyola 20 kwa 2. Msimu ulipoisha Matson alikuwa amekimbia na mpira yadi 1,566, na hakuna mchezaji wa chuo Marekani nzima aliyemfikia mwaka ule. Waandishi wa habari waliopanga timu bora za nchi waliwaweka nafasi ya 14.

Hapo tueleze kitu kimoja, la sivyo yanayofuata hayataeleweka. Kule kwao msimu wa vyuo ukiisha, timu bora zinaalikwa kwenye mechi kubwa za mwaka mpya zinazoitwa bowl, maana yake bakuli, kwa sababu ya umbo la uwanja. Msicheke, bakuli hilo si la uji, ila kwa kweli lina chakula ndani yake. Timu inayoalikwa inalipwa fedha nyingi, chuo kinajulikana, wachezaji wanaonekana. Na mabakuli mengi makubwa ya wakati ule yalikuwa kusini: Orange Bowl kule Miami, Sugar Bowl kule New Orleans, Gator Bowl kule Jacksonville. Yaani kulekule kwenye sheria za kutenganisha.

San Francisco walitegemea kualikwa. Na chuo chao kilikuwa na shida ya fedha, timu ilikula zaidi ya ilichoingiza, kwa hiyo mwaliko haukuwa sifa tu, ulikuwa mkate.

Walivyosimulia wachezaji wenyewe miaka ya baadaye, habari waliyoletewa na kocha ilikuwa hivi: nafasi ya kwenda kusini ipo, lakini Matson na Toler wabaki nyumbani. Wengine wote karibuni. Wale wawili, hapana.

Wachezaji walikataa. Haikuchukua mkutano, haikuchukua kura wala kamati. Walisema kama hao wawili hawaendi, hakuna anayekwenda.

Mwaliko haukuja. Hadharani walipewa sababu nyingine: ati ratiba yao ilikuwa nyepesi, ati walicheza na timu dhaifu. Ni kweli ratiba haikuwa ngumu sana, walicheza hata na timu za kambi za jeshi, na San Jose State walikutana nayo mara mbili. Hatutaki kuficha hilo. Lakini timu isiyofungwa hata mara moja, yenye mkimbiaji wa kwanza wa nchi nzima, hukaa nyumbani kwa sababu ya ratiba peke yake? Sisi hatuamini, na waliofuatilia habari hii kwa miaka mingi hawaamini. Orange Bowl ya Januari mosi 1952 ilichezwa na Georgia Tech na Baylor, ikaisha 17 kwa 14. Wavulana wa San Francisco walikuwa kwao.

Ndugu wasomaji, tulipowasimulia wanafunzi wa darasa letu la jioni sehemu hii, darasa lilinyamaza, na mnajua darasa la jioni halinyamazi. Kisha kijana mmoja akauliza: "Mwalimu, wale wawili waliwaambia nini wenzao? Hawakuwaambia nendeni tu?"

Swali hilo tumelibeba mwezi mzima. Ni swali la hapa kwetu. Familia ngapi katika zoni zetu zimewahi kuambiwa majina yenu yamepita, ila la huyu halijapita? Bibi hayumo kwenye karatasi. Mtoto wa marehemu kaka hayumo. Nendeni ninyi, yeye tutamwangalia baadaye. Tumeona waliokubali kuondoka wakilia mpaka gari likapotea barabarani, na tumeona waliokataa, wakabaki na masanduku yamefungwa miezi na miezi. Hatumhukumu hata mmoja. Aliyeondoka aliwafikiria watoto wake, na aliyebaki naye aliwafikiria watoto wake. Tunachosema ni kwamba sisi tunajua kitendo cha wale vijana kilikuwa na uzito gani, pengine kuliko Wamarekani wengi wanaoisoma habari hii leo na kuiona tamu.

Maana haikuwa tamu. Baada ya msimu ule wa 1951, chuo kikatangaza kwamba timu ya mpira imefutwa. Timu iliyoshinda kila mechi haikupata kucheza msimu mwingine.

Hapa tuwe waangalifu kidogo, kwa sababu tumesikia habari hii ikisimuliwa kirahisi: walikataa ubaguzi, basi wakaadhibiwa, timu ikafa. Sivyo ilivyokuwa hasa. Wachezaji wengi waliamini kwamba fedha za bakuli zingeweza kuiokoa timu, na huenda ni kweli kwa mwaka mmoja au miwili. Lakini ugonjwa ulikuwa wa zamani. Timu ya mchezo huu ni ghali: wachezaji wengi, kofia, pedi, safari ndefu, karo za wanafunzi wanaosomeshwa kwa ajili ya kucheza, mshahara wa kocha na wasaidizi wake. Mwaka 1946 ilianzishwa San Francisco timu ya kulipwa, 49ers, ikacheza katika uwanja uleule wa Kezar ambao chuo kilitumia. Mtu mwenye dola yake moja anakwenda kuwaona nani, wanafunzi au watu wa kazi? Na televisheni nayo ilikuwa imeanza kuingia majumbani, kwa hiyo wengine waliona mechi za timu kubwa bila kutoka kitini.

Vyuo vya Kikatoliki vya ukubwa kama huo vilianguka kimoja baada ya kingine. Saint Mary's, jirani yao, waliacha baada ya msimu wa 1950. Georgetown kule mashariki vilevile. Loyola, waliofungwa katika ile mechi ya mwisho, waliacha baada ya msimu huohuo wa 1951. Santa Clara mwaka uliofuata. Fordham, wale wa New York, wakafuata baada ya msimu wa 1954. Ilikuwa kama maduka ya mtaa mmoja yanayofunga milango soko likihamia mahali pengine. San Francisco baadaye walijaribu kuurudisha mchezo kwa kiwango kidogo, haukudumu, ukafutwa tena.

Kwa hiyo tukiulizwa, tutasema hivi: timu ilikuwa mgonjwa, ikaletewa dawa, na bei ya dawa ilikuwa watu wawili. Ikakataa kununua. Ingepona au isingepona, hakuna awezaye kuapa.

Wachezaji wakatawanyika, na hapa ndipo ajabu inaanza. Tisa kati yao walichaguliwa na timu za ligi kubwa ya kulipwa mwaka 1952, idadi kubwa sana kwa chuo kidogo namna ile. Matson alichukuliwa na Chicago Cardinals, lakini kwanza akaenda Helsinki kwenye Olimpiki ya 1952, akarudi na medali ya shaba ya mita 400 na ya fedha ya kupokezana vijiti. Mwaka 1959 timu ya Los Angeles Rams ilitoa wachezaji tisa ili impate yeye mmoja. Tisa kwa mmoja! Marchetti alikwenda kucheza Baltimore, akawa mlinzi wa kuogopwa kabisa. Yeye na Matson waliingizwa mwaka mmoja, 1972, katika jumba la heshima la mchezo huo. St. Clair alikuwa bado hajamaliza masomo timu ilipofutwa, basi ikabidi ahamie chuo cha Tulsa, jimbo la Oklahoma, kucheza mwaka wake wa mwisho. Ninyi mliohamishwa shule katikati ya mwaka mnaelewa. Akarudi San Francisco kuchezea 49ers, akaingia jumba la heshima mwaka 1990.

Hata kijana aliyekuwa akiandika habari za timu na kuzipeleka magazetini, Pete Rozelle, alikuja kuwa mkuu wa ligi nzima ya Marekani kuanzia 1960 mpaka 1989.

Lakini sisi, kwa kuwa ni walimu, moyo wetu uko kwa Burl Toler. Yeye naye alichaguliwa, na Cleveland. Kabla hajaanza, mwaka 1952 katika mechi ya maonyesho kule Chicago, akavunjika goti. Basi, kucheza kukaisha hapohapo. Hebu fikirini: mwaka mmoja umekatazwa bakuli kwa rangi yako, timu yako imefutwa, na mwaka unaofuata goti limekwenda.

Toler akarudi San Francisco akashika chaki. Alifundisha, akawa mkuu wa shule, mtu mweusi wa kwanza kuongoza shule ya sekondari katika mji huo. Na mpira haukumtoka. Mwaka 1965, wakati Rozelle yule yule ndiye mkuu wa ligi, Toler akaajiriwa kuwa mwamuzi, mweusi wa kwanza katika ligi kubwa. Siku za kazi yuko shuleni na watoto, mwisho wa wiki anapanda ndege kwenda kupuliza filimbi mbele ya maelfu ya watu. Alifanya hivyo misimu 25. Januari 1980 alikuwa mmoja wa waamuzi wa Super Bowl, ile fainali kubwa kuliko zote, na hakuna mweusi aliyewahi kuichezesha kabla yake. Vijana wanaotaka kuacha ualimu wa kujitolea kwa sababu malipo ni kidogo, tunawaomba wasome aya hii mara mbili. Sisi tumeisoma mara nne.

Na kule kusini? Milango ilifunguka polepole, kwa kusukumwa. Januari 1956 mchezaji mweusi, Bobby Grier wa Pittsburgh, alicheza Sugar Bowl kwa mara ya kwanza, tena baada ya gavana wa Georgia kujaribu kuizuia timu ya jimbo lake isicheze naye. Sheria ya nchi nzima ya kukataza ubaguzi katika maeneo ya umma ilikuja 1964.

Chuo nacho kilikumbuka, ingawa kwa kuchelewa. Mwaka 2006 kiliwapa wachezaji wa timu ya 1951 shahada za heshima. Wazee wenye magongo wakavaa majoho. Toler alifariki 2009, Matson 2011, St. Clair 2015, Marchetti 2019. Mwaka 2017 bweni moja la chuo, lililokuwa na jina la mwanasiasa wa zamani aliyewapinga wahamiaji kutoka Asia, lilibadilishwa jina baada ya wanafunzi kudai kwa muda mrefu. Sasa linaitwa kwa jina la Toler.

Mnaopenda mpira wetu wa kawaida msidhani tumewasahau. Chuo hichohicho, kilichoshindwa kulisha timu ya mpira wa yai, kilifanya makubwa katika mpira wa miguu. Kilikuwa bingwa wa vyuo vya Marekani mwaka 1966, 1975, 1976 na 1980, na katika vikosi vya miaka ya 1970 walikuwemo vijana kutoka Nigeria. Mpira wa miguu unahitaji mpira mmoja na viatu, na sisi hapa tunajua hata viatu si lazima.

Kazi ya nyumbani kwa darasa la sita: yadi moja ni sentimita 91.44. Matson alikimbia yadi 1,566 katika mechi tisa. Ni mita ngapi kwa jumla, na wastani wa mita ngapi kwa kila mechi? Majibu mtuletee kabla ya toleo lijalo. Wazazi wanaruhusiwa kusaidia, ila wasiandike wao. Miandiko ya akina baba tunaijua.